Fundi wa Koboko anayemulika adui asiyeonekana

Saa nane mchana, joto la Koboko, mji wa West Nile kaskazini-magharibi mwa Uganda, limeshika kisawasawa. Ladu amechuchumaa mbele ya bodaboda iliyofunguliwa injini, mikono imejaa oili mpaka viwikoni. Mwenye pikipiki amejilaza kwenye benchi, na pembeni yake simu ya Ladu inatetemeka bila kukoma.

Ladu haigusi. Anakaza kwanza boliti ya mwisho, anawasha injini, anainamisha kichwa kuisikiliza, kisha anamwamsha mwenye mali. Ndipo anachota sabuni ya unga, ananawa taratibu kama mgeni anayekaribishwa chakula, na kuketi.

"Sasa naingia kazi ya pili," ananiambia.

Kazi ya pili haimpi hata senti. Ni mchezo wa vita wa mtandaoni, unaochezwa kwa simu, watu watano dhidi ya watano, kila timu ikijaribu kubomoa ngome ya wenzao. Wengine kwenye timu yake wanashika mapanga na mikuki. Ladu anashika taa.

Nilimwomba anieleze taa ni za nini, maana mimi mchezo wangu uliishia kwenye drafti. Akanieleza kwa uvumilivu wa mwalimu wa chekechea. Upande wa pili huwa na mpiganaji mmoja asiyeonekana. Anapita katikati yenu, hamna habari, mnashtukia mwenzenu ameshachomwa kisu. Wao wamempa jina la Mwizi. Dawa yake ni taa ndogo inayosimikwa porini, ambayo Mwizi akipita mbele yake anaonekana, pamoja na unga wa kumrushia akikaribia ili asiweze kujificha tena.

Vitu hivyo hununuliwa kwa dhahabu ya ndani ya mchezo, na anayenunua taa habaki na dhahabu ya panga. Kwa hiyo mwenye taa haui mtu, hasifiwi, na mara nyingi ndiye wa kwanza kufa. Kila timu inamhitaji, lakini ukiuliza nani atakuwa yeye, wote wanatazama chini.

"Mimi napenda," anasema Ladu. "Wao wanaangalia mbele. Mimi naangalia nyuma ya wao."

Taa ikiwaka, timu nzima inaweza kumwona Mwizi kwenye ramani. Tatizo ni kwamba mtu aliye katikati ya vita hana nafasi ya kutazama ramani. Kwa hiyo kazi kubwa ya mwenye taa ni kupaza sauti: rudi, yuko nyuma yako. Na hapo ndipo mambo ya Ladu yalipoharibika.

Ladu ana miaka ishirini na saba, wa kabila la Wakakwa, mtoto wa mwanajeshi aliyefariki yeye akiwa bado shule ya msingi. Siku nzuri kibanda chake kinampa shilingi elfu ishirini. Siku za mvua, pikipiki zikikaa nyumbani, anarudi na njaa yake. Mchumba wake ni Driciru, msusi wa Arua. Alikuja Koboko kwenye harusi ya rafiki, bodaboda iliyombeba ikazimika mbele ya kibanda.

"Nilitengeneza pole pole sana," anakiri Ladu, na uso wote unacheka.

Driciru ana kaka, Alionzi, mpakuaji wa mizigo ya malori huko Vurra, mpakani na Kongo. Baba yao alipofariki, Alionzi alibeba magunia mpaka dada yake akamaliza shule. Kwa Driciru huyo ni kaka na ni baba pia, na anayetaka kumwoa lazima apite mlangoni kwake.

Sasa basi, Alionzi ndiye nahodha wa timu.

Ladu alilelewa na mama asiyefanya mchezo na heshima ya ukweni. Kaka wa mchumba humwiti kwa jina. Humwamrishi. Hupazi sauti mbele yake, sembuse kumfokea arudi nyuma huku watu wanasikia. Utamlindaje nahodha wako kwa heshima ya namna hiyo? Ladu alipata njia. Shamira, muuza mitumba wa sokoni Koboko ambaye naye yuko kwenye timu, alikuwa anakuja kuchezea kibandani. Ladu anafunga kipaza sauti chake, anamgusa Shamira bega, anamnong'oneza, na Shamira, asiye na ukwe na mtu, anampigia Alionzi kelele. Kule Vurra, Alionzi alidhani Shamira ndiye mwenye macho makali.

Ikaja siku ya mashindano ya timu za West Nile, na simu ya Shamira ikazimika katikati ya pambano. Mara taa ya Ladu ikawaka. Mwizi alikuwa anamnyatia Alionzi, aliyekuwa peke yake mlangoni pa ngome ya adui.

Ladu alifungua kipaza sauti. "Nilisema 'shemeji'," anakumbuka. "Nilikuwa natafuta neno la kufuata."

Mwizi hakusubiri neno la kufuata. Alionzi aliuawa, na timu ikashindwa.

Mchezo huu huhifadhi kila pambano, na Alionzi alilitazama tena. Aliona taa inawaka, Mwizi anakuja, na Ladu amesimama tu. Akamwagiza Driciru: wazee wa Ladu, waliokuwa wanajiandaa kuja kujitambulisha, wasubiri kwanza.

"Mutu anaona hatari inakuja kwangu, ananyamaza," alimwambia dada yake. "Siku hatari itakuja kwako, atafanya nini?"

Msomaji utasema ni mchezo tu. Nami nilimwambia Driciru hivyo hivyo, akanitazama kwa namna iliyonifanya nimalizie chai yangu haraka. Kwake harusi ilikuwa imesimama. Kaka aliyemlea alikuwa amemwona mwanamume wake anamwacha mtu afe, iwe mchezoni au mtaani, na hilo halikumtoka moyoni.

Driciru anasema hakulia. Alimpigia Ladu, akasikiliza maelezo yote ya heshima na malezi ya mama, kisha akamjibu: "Heshima yako nimesikia. Lakini kaka yangu anakufa nayo. Piga kelele."

Mashindano yaliwapa walioshindwa nafasi ya mwisho, Jumapili mchana. Alionzi aliingia mchezoni bila hata kumsalimia Ladu. Shamira alikuwa kwenye benchi la kibandani, simu yake imejaa chaji, tayari kunong'onezwa. Ladu akamwambia leo apumzishe sauti, acheze tu.

Taa ikawaka tena, Mwizi huyo nyuma ya Alionzi. Shamira anasema Ladu aliruka kusimama kama aliyeona nyoka, na sauti iliyotoka iliwageuza hata wachoma mahindi ng'ambo ya barabara.

"Alionzi, rudi! Rudi sasa! Iko mutu nyuma yako!"

Jina tupu, bila shemeji. Alionzi alirudi. Mchezoni, Ladu akakimbilia pale aliposimama Mwizi, akamwaga unga wote aliokuwa nao, Mwizi akabaki hadharani, na Alionzi akammaliza. Walishinda, lakini hakuna aliyeshangilia. Wote walikuwa wanasubiri nahodha aseme.

"Siku ile nyingine, uliona huyu mutu?" Alionzi aliuliza.

"Niliona."

"Mbona ulinyamaza?"

"Wewe ni shemeji yangu," Ladu akajibu, sauti imeshuka tena. "Ningekupigia kelele namna gani?"

Alionzi akaanza kucheka, kicheko kikakatika katikati, akasema Ladu alete wazee wake.

Nilimkuta Alionzi Vurra, amekaa kivulini mwa lori lililokuwa linasubiri kupakuliwa. Nilimuuliza kwa nini kicheko kilikatika. Alijifuta jasho kwanza, akajifuta tena pale pale palipokwisha kukauka.

"Tangu baba amekufa, mimi ndio naangalia watu," alisema. "Mutu wa kuangalia mimi, sikuwa naye."

Wazee wa Ladu watakwenda Arua baada ya mavuno ya mahindi. Desturi inataka siku hiyo wazee waseme na mwoaji akae kimya, macho chini. Nilimuuliza Ladu kama haogopi kunyamaza tena mbele ya Alionzi.

"Nitanyamaza, ile ni heshima," alisema. "Lakini sasa yeye anajua. Kunyamaza yangu si ya kumuacha."