Chuma cha Kutafutia Sauti

Ladha ya chuma mdomoni hunirudisha kwenye kanisa la mabati pale Manyatta, ambako harufu ya dagaa wa omena walioanikwa nje ilifika hadi ndani. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa amepiga tarumbeta kwenye bendi, kinanda kanisani na nyatiti matangani. Hata mama zetu aliwafundisha yeye. Walimu wengine hugonga kile chuma kidogo cha kutafutia sauti, na kukiweka sikioni. Yeye alikigonga, kisha akakiuma kwa meno.

Nikamshuku kuwa hasikii tena kwa masikio. Jumamosi moja nilisimama mbele yake, nikachezesha midomo wimbo mzima bila kutoa sauti. Macho yake hayakubanduka mdomoni mwangu.

"Leo umeimba safi sana, nyathina, mwanangu," akaniambia.

Sikumwambia mtu. Kesho yake niliimba nikifungua mdomo wazi, ili aone kila neno.

Siku hizi kwaya ni yangu. Leo nimegonga chuma, nikakiuma, nikainua mikono. Msichana wa mstari wa mbele amenikazia macho, midomo yake ikicheza vizuri mno.

"Mwalimu," ananiuliza tukimaliza, "nimeimba vizuri?"