Gemu Iliyonyamaza Sandukuni

Mwaka huu nimechoka mpaka mifupa. Tangu mashine ya kuchuma chai ije shambani, tunaishika wawili, mmoja kila upande, na injini inanguruma katikati yetu kutwa nzima. Tulipewa vifuniko vya masikio. Tukavitia mfukoni wiki ileile, kwa sababu ukivivaa humsikii mwenzako akisema pinda, na kazi bila porojo ni kifungo. Wajanja sisi!

Jioni moja nilirudi nikamkuta msichana wangu kwa kiti, anacheza gemu kwenye simu. Muziki wake ulikuwa mzito, wa polepole, wa watu walioshika tama.

"Hii ni gemu ama matanga?" nikamuuliza.

"Baba, hapa mamake huyu wa kwenye gemu amekufa. Muziki unakungoja ulie kidogo."

Nikakasirika. Yaani nichoke hivi, halafu nije kulizwa na simu?

Gemu yangu ilikuwa ile ndogo ya betri, ya matofali yanayoshuka, niliyonunuliwa sokoni Kapsoit nikiwa shule ya msingi. Niliificha ndani ya kikapu cha chai. Wimbo wake ulikuwa vilio vidogo vyembamba, vikali, ti-ti-ti, vikikimbia jinsi matofali yanavyoongeza kasi, na vidole vyangu vikazoea kuchuma majani mawili na chipukizi kwa mwendo huohuo. Betri zikiisha nguvu tulizianika juani, wimbo ukarudi kama umelewa. Ukishindwa ilikucheka tu, mkaanza upya. Hakuna aliyekuambia ulie.

Kwa hiyo nikaitoa sandukuni, nikaitia betri mpya. "Sasa sikia muziki wenye nguvu," nikamwambia.

Kioo kiliwaka, matofali yakaanza kushuka. Kimya. Nikaigonga kiganjani, nikaibandika sikioni.

"Imekufa sauti. Wacha tu, ni ya zamani."

Msichana alinitazama, wala hakucheka.

"Baba, inalia. Inalia sana."

Nikamwambia asinichezee. Akaichukua, akatikisa kichwa taratibu akifuata kitu ambacho kwangu hakikuwepo. Ndipo nikakumbuka vile vifuniko vilivyobaki mfukoni, na jinsi nilivyomgombeza mama yake kwamba siku hizi ananong'ona, na ndege wa shambani nisiowasikia tena, niliodhani wamefukuzwa na mashine. Niliogopa, nasema ukweli. Niliogopa kuliko siku yoyote.

"Weka ile yako," nikasema.

Akaweka simu mezani. Ule muziki wa matanga ukanijia wote, mzito, hakuna kilichopotea. Niliusikiliza mpaka mwisho, na haukuwa mbaya.

Halafu nikamwomba aiwashe tena ile yangu, anipigie mezani kwa kidole jinsi inavyokwenda. Akapiga, polepole kwanza, kisha mbio. Niliujua wimbo wote, kwa kutazama kidole chake.