Masizi Shavuni mwa Mwanangu

Subira yangu ilikwisha pale mwanafunzi wa chuo cha ualimu alipochovya kidole kwenye masizi ya sufuria yangu mwenyewe akampaka mwanangu shavuni. Nilikuwa nshamkogesha, nshamfukiza udi, nshamtia wanja.

"Samahani, dada," akasema. "Filamu inamtaka awe mchafu."

"Basi mkapake wa kwenu!"

Wiki iliyotangulia walikuja uani kwetu, wanafunzi na mwalimu wao Mzungu, wakatuambia filamu hii ni yetu: sisi ndio kichwa, wao mikono tu. Tukawatandikia mkeka, tukawapa kahawa na kashata, tukaeleza shida yetu. Mfereji wa mtaa, bomba letu la pekee, hukauka asubuhi, twabeba ndoo mpaka mtaa wa pili. Jirani yangu alisimama kabisa kuwaonyesha anavyotembea na ndoo kichwani. Mwalimu akaitikia kila neno. Waliporudi, filamu ilikuwa "Mama Mchafu na Mama Safi". Mama Safi walikuja naye, mke wa mwalimu. Maji yake yalikuja kwa gari.

Mimi, niliyesoma sekondari, nikawa huyo mwingine.

Mwalimu ndiye aliyeanza, alipouona wanja kwenye paji la mwanangu. "Hapo pana uchafu tayari," akasema, "ongezeni kidogo." Wanja! Wa kumkinga mtoto na macho ya watu, na jicho kubwa kuliko yote, kamera yao, limesimama uani kwangu kwa miguu mitatu.

Nikakomba masizi, nikampaka yule mwanafunzi mashavu yote mawili. "Haya, cheza wewe!"

"Kapendeza, shoga!" jirani akapiga kelele. "Mtafutie mchumba!"

Wanawake wakaangua kicheko. Mwalimu hakuacha kupiga picha. "Vizuri sana, Mama! Endelea!"

Hapo nikatambua kuwa hata haya yanaingia filamuni. Gari la sinema, la kuonyesha filamu hizi vijijini, hufika mpaka Kizimkazi, na mama mkwe wangu wa huko hakosi. Tangu harusi anangoja ushahidi kwamba msichana wa skuli hajui kulea.

Nikavaa buibui, nikaenda chuoni, nikaandika palepale mbele ya karani:

"Kwa Mkuu wa Chuo. Nashtaki kwamba wanafunzi wako wamempaka masizi mtoto aliyekuwa safi, na mwalimu wao ameuita wanja wake uchafu. Nataka kipande walichotupiga picha mimi na mtoto kikatwe kabla gari la sinema halijakwenda shamba. Mkitaka aibu ya mtaa wetu, njooni asubuhi muupige picha mfereji. Ule hauhitaji kupakwa kitu."