Sauti ya Baba na Kibao cha Mjomba

Redio yetu iliungua ikiwa kazini. Baba aliinunua Korogwe zama zile alipokuwa mkata mkonge, na tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa upande wa Handeni ndicho kitu pekee alichokibeba mwenyewe, amekikumbatia kifuani. Sisi wengine tulibeba vyungu, kuku, na mlango wa nyumba ya zamani. Ofisi ya kijiji ikaiazima ili watu wasikilize hotuba. Kijana mmoja mwenye bidii kupita akili akaiunga kinyumenyume kwenye betri ya trekta, moshi ukatoka, ikarudishwa nyumbani imefunikwa kanga kama maiti. Walipokuja kuichukua walisema ni mali ya wote. Walipoirudisha ilikuwa mali yetu.

Baba hakugomba. Alikuwa ameshaanza kukohoa kikohozi kile kisichosikia dawa, na haukupita muda wakampeleka Korogwe, kisha Dar es Salaam, kwenye hospitali kubwa. Binamu yangu aliyekuwa akiishi huko ndiye aliyemwangalia. Mama alibaki na shamba, na wadogo zangu, na mimi, binti mkubwa niliyeachika mapema na kurudi nyumbani na ulimi mkali.

Siku moja utingo wa basi akashuka barabarani na salamu za binamu. Watu wa redio walikuwa wamepita wodini na kinasa sauti. Enzi hizo kulikuwa na kipindi ambacho wagonjwa waliwasalimu jamaa zao wa mikoani, na baba naye alizungumza. Sauti yake ingetoka Jumapili, alasiri.

"Kasema nini?" mama akauliza.

"Mama, mimi nimeambiwa siku na saa tu."

Tangu hapo mama hakutaka kitu kingine duniani. Alipalilia akiisema Jumapili, akatwanga akiisema Jumapili. Akampelekea habari kaka yake, mjomba wangu, aliyekuwa fundi redio mjini Korogwe.

Sisi Wazigua mjomba si mgeni. Nyumbani kwa dada yake neno lake lilikuwa zito kuliko la baba, na ukimdharau yeye umemvua mama yako nguo hadharani. Alifika Jumamosi asubuhi na sanduku lake la vyuma.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Haya, iko wapi hiyo maiti?"

Akaifungua. Sehemu ya kukuza sauti ilikuwa imekaangika, nyeusi tititi. Lakini hakuja mikono mitupu. Alikuwa na sehemu kama hiyo aliyoing'oa kwenye santuri mbovu aliyopewa na Mhindi mmoja mwenye duka: kadi ndogo yenye safu ya meno ya chuma ukingoni, mfano wa kitana. Taabu ni kwamba haikutengenezwa kwa ajili ya redio yetu. Ilihitaji kibao cha kuipokea, chenye tundu moja kwa kila jino, na kila tundu litiwe kipete cha shaba, vile wanavyotia washona viatu mahali pa kupitisha kamba, kisha waya ulehemiwe hapo. Meno yakiingia yote, redio inasema. Likikosa moja, hakuna kitu.

Mjomba akakata kipande cha plaiwudi, akakilaza mapajani, akapima kwa rula ya plastiki. Rula hiyo nina ugomvi nayo hadi leo. Ilikuwa miaka ile tuliyoambiwa tuache inchi na ratili, tushike mita na kilo, na mjomba alikuwa muumini kuliko maimamu. Rula yake ya zamani ya inchi aliwaachia watoto wake, wakakorogea uji. "Inchi ni za mkoloni," alisema, akaweka alama zake kwa milimita. Akatoboa matundu matatu ya mwanzo, akajaribu meno, yakaingia sawia. Akamalizia safu nzima.

Miaka mingi baadaye fundi mwingine alinieleza, huku akicheka, kwamba meno yale yalikatwa kiwandani Ulaya kwa inchi. Tofauti ya jino moja haifiki hata unene wa unywele, macho hayaioni. Ila kila jino linaongeza unywele wake juu ya ule wa mwenzake, na ukifika mwisho wa safu jino limekaa juu ya ukuta katikati ya matundu mawili. Mimi sikucheka.

Jumapili adhuhuri vipete vilikuwa vimetiwa na nyaya zimeshika. Mjomba akashusha kadi. Meno ya mwanzo yakazama, ya katikati yakabana, ya mwisho yakagoma.

"Bado kidogo tu," akasema.

Sijapata kuchukia neno kama hilo. Yangekataa yote tungejua moja. Akachukua tupa, akapanua matundu ya mwisho. Meno ya mwisho yakaingia, ya mwanzo yakachomoka. Akapanua matundu ya mwanzo, meno yakawa yanacheza ndani kama meno ya mtoto, hayashiki. Jasho likamdondokea kwenye plaiwudi naye akalifuta kwa kiwiko, haraka, tusilione.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, amevaa kanga zake nzuri. Nyumba zetu zilipangwa kwa mistari iliyonyooka kama jeshi, na mwisho wa mstari wetu alikaa msimamizi wa duka la kijiji, mwenye redio nzima. Saa tisa ilipokaribia watu walianza kupita mbele ya mlango wetu kuelekea kwake. Nikasimama.

"Kaa," mama akasema.

"Mama, si hapo tu? Twende tukasikie, turudi."

"Kaa chini. Kaka yangu yuko kazini."

Akalisema polepole, na mjomba akalisikia, akainamisha kichwa zaidi. Nilielewa. Tukitoka sisi kwenda kusikiliza kwa jirani, kijiji kizima kingejua kwamba fundi wa Korogwe ameshindwa, na kwamba dada yake mwenyewe hakumngoja. Nilielewa na nikakasirika kwa pamoja. Nikakaa.

Kipindi kilianza. Tulikijua kwa mlio uliotoka mwisho wa mstari, sauti ya redio isiyo na maneno, upepo ukiileta na kuichukua. Mama hakugeuza kichwa. Magoti yake tu ndiyo yaliyogeukia huko. Mjomba alikandamiza kadi kwa dole gumba, jino moja likakatika, na kile kilio kidogo cha chuma ndicho sauti pekee iliyotoka kwenye redio ya baba siku ile.

Kisha watu wakaja. Walitoka kwa msimamizi wa duka wakicheka, wanawake mbele, mmoja akipiga vigelegele.

"Mama! Mzee kazungumza! Mmemsikia?"

Redio ilikuwa wazi sakafuni, matumbo nje, ila mjomba alikuwa ameshaivuta kanga juu yake. Mama akamtazama kaka yake, akawatazama wale wanawake.

"Tumemsikia," akasema. "Alhamdulillahi."

"Mzee ana maneno yule!"

"Ana maneno," mama akajibu.

Ikawa basi. Mtu aliyesikia hawezi kuuliza kilichosemwa. Nilitamani niropoke, niseme hatukusikia hata kikohozi chake. Mjomba alikuwa bado ameshika bisibisi mkononi. Nikaenda kuteka maji.

Mfungo ulipoingia tukaletewa habari kwamba baba amefariki na ameshazikwa huko huko Dar es Salaam. Watu walijaa kuhani. Walizungumza juu ya mengi, shamba lake, utani wake, na kila walipoyagusa yale maneno ya redioni waliyaruka, wakisema, "Kama mlivyosikia wenyewe." Mama akaitikia kwa kichwa. Niliwahi kumvizia msimamizi wa duka, nikamuuliza kwa kuzunguka. Akanishangaa. "Mwanangu, si mlikuwa na redio yenu?"

Msimamizi alihama, wale wanawake wakazeeka na kufa mmoja mmoja. Mjomba naye alikufa. Mama nilimchukua kwangu Mkumbara nilipoolewa tena. Siku moja tulikuwa tunapukuchua mbaazi barazani, akauliza bila kuinua macho:

"Hivi, siku ile, alinitaja?"

Ningeweza kumpa uongo. Ulikuwa karibu, mtamu, na hapakuwa na mtu aliyebaki wa kunisuta.

"Sijui, mama."

"Haya," akasema, akavuta ungo karibu yake, akaendelea na mbaazi.