Mji Ulioanza kwa Ng'

Kwa miaka kumi na tisa alitangaza treni za kwenda mji mkuu, na wafanyakazi wenzake stesheni walishasahau jina lake. Walimwita Bi Kipaza. Kazi aliipenda, na jina la mji huo lilimtoka mdomoni bila kufikiri, mpaka siku mama yake mzazi alipokuja kuishi kwake.

Mama aliteremka kwenye treni, akalisikia tangazo la bintiye, akauliza ni mji gani huo unaotajwa.

"Si huko ulikozaliwa, mama?"

"Mimi huko sikujui."

Walipofika nyumbani akamweleza. Jina la mji lilianza kwa ng', ile ile ya ng'ombe, na kwa lugha ya kwao maana yake ni tope linalong'ang'ania mguu. Wageni waliochora ramani iliwashinda, wakaandika g. Waliokuja baadaye wakasoma walichokikuta. Na watalii, ambao Bi Kipaza aliwasikia kila wiki dirishani, walilivuta mwisho kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Kijitabu cha serikali kilisema maana yake ni bustani ya amani. Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

Bi Kipaza alijifunza jikoni, huku akimenya vitunguu na mama akimsahihisha. Jumatatu akavuta pumzi, akalitangaza jina kama lilivyozaliwa.

Treni iliondoka. Abiria saba walibaki kwenye mabenchi na mizigo yao, akiwemo mama mmoja mwenye godoro, wakingoja treni yao itajwe. Walidhani ile ilikuwa ya mji mwingine.

Mkuu wa stesheni hakufoka. Alimwita ofisini, akamwekea kiti.

"Umelitamka sawa, sibishi," alisema. "Lakini nani amekuelewa?"

Bi Kipaza alitoka ofisini. Alikwenda kuwaomba radhi wale saba mmoja mmoja, akawatafutia nafasi treni ya mchana. Tangazo la mchana huo lilikuwa na g, na mabenchi yakabaki matupu.

Mwezi uliofuata mama alitaka kumtembelea dada yake huko. Kwenye dirisha la tiketi alitaja mji kwa ng'. Karani akamuuliza, akarudia, akauliza tena. Foleni nyuma ikaanza kuguna. Mama akasema g, bila kinyongo, akapokea tiketi yake.