Nilimshinda baba mkwe mtarajiwa kwa maneno yenye vowels zote tano

Wakuu, heshima kwenu popote mlipo.

Haya yamenitokea mwenyewe mwaka huu. Ningekuwa natunga ningejipa mwisho mzuri kuliko huu, kwa hiyo wale wazee wa "hii chai" shikeni vikombe vyenu mtulie.

Mimi ni kijana wa Mbeya, nina duka la pembejeo pale Uyole. Mchumba wangu anaitwa Faraja, Mhehe wa Iringa mjini. Tulipeleka barua ya posa, kwao wakatuita twende tukajitambulishe kabla hawajajibu.

Sasa baba yake ni mwalimu mstaafu wa English. Mtaa mzima wanamwita Mwalimu. Ana mchezo wake: mnataja kwa zamu maneno ya Kiingereza yenye a, e, i, o na u zote ndani yake, unasema na maana, ukikwama umeshindwa. Kila mgeni anachezeshwa. Jioni watoto wa jirani wanajaa kibarazani kwake kwa ajili ya huo mchezo.

Faraja aliniambia, "Baba akikuchezesha, we cheza tu, anafurahi."

Cheza tu. Mimi kwa akili zangu kubwa nikaona huo ni usaili. Wiki mbili nzima wateja wanaulizia dawa ya nyanya, mimi niko kwenye simu nakariri list. Mtihani wa form four sikuusomea hivyo, na matokeo yake mnayaona, nauza mbolea.

Siku ikafika. Nilikwenda na mjomba Ambakisye, ndiye mshenga wangu. Tukapokelewa vizuri, salamu ya kamwene kwa kila mtu, tukala, baba wadogo wa Faraja wakaletewa pombe yao ya ulanzi. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akasema, "Haya kijana, education."

Nikajibu cauliflower. Mbegu zake nauza, maana nikaieleza mpaka nafasi ya shimo na shimo. Watu wakacheka, Mwalimu naye akacheka.

Akasema behaviour. Nikasema housemaid.

Akasema reputation. Nikasema tambourine, shangazi mmoja wa kwaya akapiga vigelegele.

Akasema precaution. Hapo nikatoa sequoia.

Mwalimu akauliza ndiyo nini hiyo. Nikamweleza kuwa ni mti mkubwa sana wa Marekani, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuupanda. Zamu ikarudi kwake. Akaangalia dari, akaangalia mikono yake, neno halikuja.

Baba mdogo mmoja akaropoka, "Kaka, leo umepatikana!" Sebule nzima ikaangua kicheko.

Mjomba akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikajua ananipongeza.

Wakuu, mtu mwenye akili angeishia pale. Mimi nikaongeza mengine ambayo hakuna aliyeniomba: auctioneer, euphoria, questionnaire, pneumonia, nikiyahesabu kwa vidole. Sisi watu wa Mbeya tukishinda tunataka na risiti.

Mwalimu akasema, "Hongera, kijana." Kisha akatoka kwenda kumwangalia ng'ombe wake, ambaye hakuwa na tatizo lolote.

Kwenye basi nilijisifu mpaka Makambako. Mjomba aliniacha nimalize, halafu akaniuliza, "Mpwa wangu, ulikwenda kuomba mke au cheti?"

Ikapita wiki, ikapita ya pili, majibu ya posa hakuna. Mshenga akipiga simu anaambiwa wazee bado wanaongea. Wakuu, Wahehe wakikuambia wazee bado wanaongea, jua hakuna anayeongea.

Nikambana Faraja. Akasema baba yake hajakaa kibarazani tangu siku ile. Watoto wakija anawaambia kichwa kinamuuma. "Ule mchezo ndio kitu pekee alichobaki nacho baada ya kustaafu," akasema, akaanza kulia.

Niliumia sana, sitawaficha. Nilifunga duka, kesho yake nikapanda basi peke yangu kwenda kuomba radhi.

Ila akili zangu kubwa nazo zilipanda basi lile lile. Njiani nikabuni mbinu: sitaomba radhi, nitamwacha anishinde, yaishe kiume.

Nikamkuta anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, nikamwomba tucheze. Alisita, baadaye akasema education. Mimi nikajikuna kichwa. Nikashika kidevu. Nikahema. Nikasema, "Mwalimu, hapo umenimaliza."

Akaweka gunzi chini.

"Juzi ulijua mti wa Marekani," akasema. "Leo hujui hata behaviour niliyokutajia mwenyewe?"

Nikainama nikaanza kuokota punje zilizodondoka.

"Kunishinda nilikuwa nimeshakusamehe, ni mimi tu nilikuwa naona aibu. Ila leo umenifanya mtoto."

Akabeba ungo wake wa mahindi akaingia ndani. Faraja akanisindikiza mpaka barabarani, na kwenye kona akageuka akarudi kwao.

Mpaka naandika uzi huu posa haijakataliwa wala haijakubaliwa. Faraja anapokea simu zangu, lakini anajibu kama mhudumu wa benki.

Nilichojifunza: mzee ukimshinda, mshinde kwa adabu, na ukimkosea usimwigizie. Nilifunga safari mbili na kichwa kimejaa Kiingereza, na safari zote mbili sikumwambia yule mzee samahani, neno ambalo hata wale watoto wa kibarazani kwake wanalijua.

Jumamosi nataka kurudi. Mliowahi kumkosea baba mkwe mkasamehewa, niambieni mliingiaje mlangoni. Atakayenishauri nibebe kamusi, namripoti kwa mods.