Sauti Moja, Ndugu Wawili

Chumba cha kazi cha Chiriku kilikuwa juu ya karakana yangu. Mimi ni seremala, na kwa miaka tisa mapatano yetu yalikuwa haya: akikanyaga sakafu mara mbili, nazima msumeno wa umeme, akikanyaga mara moja, naendelea. Wateja walikuwa wakiniuliza kama nimeajiriwa na dari. Jina hilo la utani alipewa utotoni kwa kuwa hakujua kunyamaza, na kazi yake ilikuwa kutunga muziki wa tamthilia za televisheni na magemu ya kompyuta.

Kuimba alianza na dada yake mkubwa, wakipokezana nyimbo huku wakifua nguo uani. Walipofika shuleni, mwalimu wa kwaya aliwasikiliza wote wawili, akacheka.

"Sauti ni moja hii hii," akasema. "Sasa mbili za nini? Mkubwa anatosha."

Chiriku alikuwa na miaka kumi na mmoja. Ili asilie, akapewa kinanda kibovu chenye vitufe vitatu vilivyokufa, akae pembeni apige. Kutunga kulianzia hapo, maana nyimbo za watu zilivihitaji vile vitufe vitatu. Kwenye za kwake aliweza kuvikwepa.

Wakakua hivyo, mdogo anatunga, mkubwa anaimba. Walianza na tangazo la sabuni, wakaingia kwenye tamthilia, halafu magemu. Kuta za chumba waliziziba kwa magodoro ya zamani, na maikrofoni wakaivisha soksi ndefu ya kike ya kuchuja pumzi. Wimbo ukihitaji sauti ya pili, Chiriku aliiimba yeye, amesimama hatua tatu nyuma ili asimfunike mkubwa wake.

Gemu lililowapa jina lilihusu mtu aliyepotea katika mji usio na watu. Kila akikosea njia, anamsikia mama yake akiimba kwa mbali, naye anaifuata ile sauti. Aliyeimba sauti ya mama huyo alikuwa dada mtu. Wachezaji waliandika mtandaoni kwamba wengine walikuwa wanakosea njia makusudi, wamsikie tena.

Miezi minane baadaye dada mtu alianguka jikoni kwake asubuhi, chai ikiwa bado motoni. Presha. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Jeneza nilitengeneza mimi. Siku ile nilitumia msumeno wa mkono.

Msiba ulipopoa, prodyuza wa gemu akapanda ngazi zetu.

"Pole sana, dada. Nimekuja na jambo zito," akasema. "Wanataka sehemu ya pili. Tunazo saa kumi na saba za rekodi za marehemu, na mkataba unaruhusu. Tukate, tuunge, tupate nyimbo sita mpya. Ukikataa, atapewa mtu asiyemjua."

"Asiyemjua atamkata vibaya," Chiriku akajibu.

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Kazi ile ilichukua wiki tano. Nilimsikia marehemu kupitia darini, vipande vipande: silabi, kikohozi, kicheko, "subiri kwanza, nipe maji," kisha silabi tena. Siku moja Chiriku alishuka, akakaa kwenye benchi langu, macho mekundu. Akaniambia dada yake alikuwa na kawaida ya kuvuta pumzi kwa pua kabla ya kupandisha sauti, na sasa kila pumzi ilibidi ikatwe na kupachikwa kwingine.

"Namwondolea hapa, namtilia pale," akasema. "Kama mtu anayehamisha viraka, fundi."

Mwishoni likakosekana neno moja: "rudi". Katika saa zote zile, marehemu hakuwahi kuliimba, na wimbo wa mwisho ulilitegemea. Chiriku alijaribu kuunga "ru" ya wimbo huu na "di" ya wimbo ule, ikatoka kama sauti ya mtu aliyeng'olewa meno.

Mchana mmoja akakanyaga mara mbili. Nikazima msumeno. Mara nikamsikia marehemu anaimba mstari mzima, bila kiraka hata kimoja. Nikapanda ngazi mbio, nikamkuta Chiriku peke yake, mdomo umegusa soksi ya maikrofoni.

"Ni mimi," akasema kabla sijauliza. "Usimwambie mtu."

Prodyuza aliposikiliza, alifuta machozi. "Huyu mtu hakuwa na mfano," akasema. "Mstari ule wa mwisho, nani angeuweza?" Chiriku akaitikia tu. Kwenye orodha ya majina, dada mtu akaandikwa mwimbaji, yeye mtunzi, kama siku zote.

Kilichomshinda ni mama yao. Mama aliusikiliza wimbo ule kila alasiri, simu ameibana sikioni.

"Nyimbo zile nyingine naona wamemfinyanga," alimwambia. "Lakini hapa penye 'rudi' ndiye mwanangu mwenyewe."

Chiriku alivumilia miezi miwili. Siku mama alipotaka kuwaita majirani waje wasikilize, akashindwa.

"Mama, hapo ni mimi."

"Wewe nini?"

"Anayeimba hapo ni mimi. Dada hakuwahi kuliimba neno hilo."

Mama akailaza simu mezani, kioo chini.

"Ungeniambia mapema, ningekusifu," akasema. "Sasa nimemzika mara ya pili. Ufute."

Chiriku akaufuta kwenye simu ile, mbele yake.

Prodyuza naye akaambiwa. Hakukasirika, na Chiriku anasema hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Mbona habari njema hiyo!" alisema. "Basi tunayo sauti yake mpaka sehemu ya tano!" Chiriku akamkatia simu. Sehemu ya tatu walimpa mtu mwingine, pamoja na rekodi zote.

Siku hizi anatunga muziki usio na mwimbaji: filamu za wanyama, matangazo ya magodoro. Niliwahi kumwuliza kwa nini asiimbe kwa jina lake mwenyewe.

"Nilijaribu wiki nzima, fundi. Kila nikisikiliza, ni dada. Nikijilazimisha niwe tofauti, nasikika kama mtu anayeigiza."

Kila Jumapili humpelekea mama mboga na dawa za miguu, na hukaa naye hadi jioni. Mama humwuliza kama amekula, kama kodi ya nyumba imepanda. Habari za kazi hamwulizi.